Maisha ya Fundi Springi, Aliyeshinda Bahati Nasibu

Ndugu, majirani na waombolezaji, wengi wenu mlimjua marehemu kwa picha ya gazetini, ameshika hundi kubwa kama mlango. Sisi wa nyumbani tunaomba mumjue kwa miaka sitini iliyotangulia picha ile.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1962, mtoto wa pili wa mlinzi wa kiwanda cha sabuni na mkewe mshonaji. Kaka yetu mkubwa alitangulia mbele za haki angali mdogo, kwa hiyo marehemu ndiye aliyebaki kuwa kaka kwa dada yake, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1969 hadi 1975. Hesabu zilimpiga chenga, lakini hakuna dawati bovu lililomshinda. Mwalimu mkuu alimwambia baba, "Huyu asikae tu kwenye madawati, ayatengeneze."

Mwaka 1978 alianza kujifunza kazi kwa fundi makochi, na mwaka 1986 akafungua karakana yake, chumba kimoja chenye mlango wa bati na sponji zilizopangwa hadi darini. Jina la Springi alipewa pale, kwa kuwa kochi lake lilikurudisha juu kabla hujamaliza kukaa. Mchana alikunywa chai na seremala wa chumba cha pili, wakitaniana kama watoto wa tumbo moja.

Alizoea kufanya kazi akiwa amebana misumari midogo kwa midomo. Siku moja binti mpishi wa hoteli alimletea kiti cha mama yake. "Kitakuwa tayari Jumamosi?" Akajibiwa, "Mm." "Asubuhi?" "Mm." Binti akaenda kumwambia mama yake, "Fundi ni bubu, maskini, lakini ana macho mazuri." Jumamosi akamkuta anaimba. Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1987, wakajaliwa mabinti wawili.

Novemba 2022 marehemu alinunua sabuni dukani, na mwenye duka hakuwa na sarafu. "Fundi, chukua tiketi hii ya bahati nasibu badala ya chenji." Wiki iliyofuata mwenye duka yuleyule alikuja mbio karakanani, kandambili moja mguuni, nyingine imebaki njiani. Marehemu alipoelewa anachoambiwa, alijikalia kwenye kochi la mteja ambalo halijatiwa hata sponji. Akasema, "Jamani, mimi nilitaka chenji yangu tu."

Yaliyofuata yalitushtua, na bado hatujapona. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwake wageni walikuja, na mwenyeji hakupona. Walijaa uani kabla hajanawa uso. Mmoja alidai alimbeba marehemu mgongoni akiwa mchanga. Marehemu akamuuliza taratibu, "Mjomba, wewe ulizaliwa mwaka gani?" Akautaja. Mwaka huo marehemu alikuwa darasa la tatu! Alimpa kitu hata hivyo, maana hakujua kufumba mkono. Wasiopata walimwita bahili, waliopata walisema amewapunja.

Waliohitajika ndio waliokaa mbali. Seremala aliacha kuja kunywa chai. Marehemu alipomfuata kumuuliza kosa lake, alijibu, "Ndugu yangu, nikionekana kwako watasema na mimi nimekuja kuomba." Marehemu alirudi akamwambia mkewe kwamba afadhali angetukanwa.

Karakana ikafungwa, kwa sababu wateja walileta shida badala ya viti. Mume na mke wakahamia nyumba ya vyumba saba yenye geti. Chakula kikiiva, mke alimpigia simu mumewe aje mezani.

Maumivu ya kifua yalianza Januari mwaka huu, 2024. Siku ya kwanza hospitalini watu walimtambua, wakamzunguka kwenye benchi, mmoja akamfuata hadi mlango wa choo. Daktari alimtaka arudi kila mwezi. Hakurudi. Mkewe alilia, mabinti wakamsihi, dada yake akamgombeza. Alisema, "Nikifika pale siwi mgonjwa. Nakuwa benki."

Tarehe 4 Juni asubuhi alianguka sebuleni. Tulimfikisha hospitali akiwa na fahamu. Alipolazwa kwenye machela ukumbini, mwanamume mmoja tusiyemjua aliinama akamshika mkono. Tulidhani anamwombea, tukampisha. Kumbe alikuwa akimnong'oneza, "Mzee, ile ada ya mtoto, umenikumbuka?"

Marehemu alifumbua macho. "Nimekukumbuka," akasema.

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Mkewe wa ndoa ya miaka thelathini na sita alikuwa amesimama miguuni pake, ameshika viatu vyake, na hakupata hata neno moja. Ni mjane mwenyewe aliyetaka hili lisomwe mbele yenu, kama lilivyotokea, bila kupunguzwa. Hakusema kwa hasira. Alisema watu wajue mumewe alivyokuwa, na wajue alivyofanywa.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, wakwe wawili, wajukuu watatu na dada mmoja. Ameacha pia seremala, aliyelitengeneza jeneza hili kwa mikono yake na kukataa malipo. Wengine mliojitambulisha kwetu asubuhi hii kuwa ndugu, karibuni mtupe udongo pamoja nasi. Tunawaomba jambo moja tu: leo asiombwe kitu. Mwacheni alale, na Mungu amjalie amani.