Chupa ya Mezani kwa Mzee Chujio

Ijumaa tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na miwili ya kazi, Mzee Chujio anastaafu. Wasifu huu nimepewa niuandike mimi, dereva wa maabara, kwa sababu madaktari wetu wanajua kila kitu isipokuwa kusimulia. Anayebisha aandike wake.

Mzee alianza kwa kupokea ndoo za damu ya ng'ombe kutoka machinjioni. Wenzake waliziba pua, yeye alipiga mluzi. Damu ile huoshwa na kuchujwa mpaka ibaki himoglobini, ule wekundu unaobeba hewa mwilini. Kisha chembe zake hufungwa pamoja kwa dawa, zisije zikasambaratika na kuumiza figo. Ikikamilika, itakuwa damu mbadala ya kumfaa mgonjwa wa kundi lolote la damu, bila friji. Hiyo "ikikamilika" ndiyo iliyokula ujana wake, nywele, na meno mawili. Dada yake alifariki akingojea damu ya kundi lake. Alilisema hilo mara moja tu, akarudi kuchuja.

Lakini nje ya mwili adui wa kazi hii ni hewa hiyohiyo: ikiingia chupani, wekundu hugeuka kahawia. Chupa ya kwanza ilipofaulu, mzee alimwita mkewe, mshonaji wa ng'ambo ya barabara, aje aione. Kwa furaha akafungua kifuniko! Kesho yake mkewe akamuuliza, baba watoto, miaka yote hiyo kumbe ulikuwa unapika chai? Tangu hapo kifuniko hakiguswi. Mkurugenzi alijaribu, akachapwa kibao cha mkono, na aliyeomba radhi ni mkurugenzi mwenyewe.

Mwaka jana wafadhili walichoka kusubiri. Chupa moja ikae mwaka mzima nje ya friji, wakasema. Ikigeuka rangi, mradi unafungwa. Mzee akaiweka mezani kwake. Kila asubuhi aliiuliza imeamkaje kabla ya kutujulia hali sisi. Tulimcheka weee, mwisho nasi tukawa tunaipigia hodi.

Juzi mwaka ulitimia. Mzee hakuthubutu kutazama, akamsukuma mkewe mbele. Mama akavaa miwani, akaigeuza chupa kwenye mwanga, akatangaza kwamba safari hii si chai. Mzee akatafuta kiti.

Ahsante, mzee wetu. Mradi umebaki, wewe unaondoka, na meza yako hatujui nani atathubutu kuikalia. Siku mgonjwa wa kwanza atakapotundikiwa chupa yetu, nitakufuata kwa gari lilelile ninalobebea ndoo za damu. Utakaa mbele na mama. Kifuniko nitakishika mimi. Tunakuombea mapumziko marefu, na rangi isikuishe.