Somo Lililokatwa na Stima

Wapendwa, asanteni kwa kunipa nafasi, na mniwie radhi mapema, kwa sababu mimi nikipewa maiki huwa siirudishi haraka. Yule mzee mwenye kitambaa cheupe shingoni, aliyeketi karibu na dirisha, ndiye mume wangu. Mtamsikia akigonga kiti kwa kidole nikiwa hapa mbele. Mwacheni agonge. Nitawaeleza maana yake nikifika mwisho.

Wengi wenu, wagonjwa wa koo na mnaowauguza, mnaijua ile siku daktari anavuta kiti karibu na wewe. Kwetu alivuta, akasema uvimbe umekaa kwenye kisanduku cha sauti chenyewe, na njia ya kumwokoa mume wangu, ambaye sote tunamwita Mwalimu, ni kukitoa chote. Ataishi, lakini hataongea tena. Mwalimu akauliza kama atapata muda wa kumaliza silabasi ya Kidato cha Nne. Asi! Mtu anaambiwa maneno kama hayo na anauliza silabasi! Nilitaka kumfinya pale pale mbele ya daktari.

Mimi nilitaka kitu kimoja tu, sauti yake ibaki. Tuna binti ambaye bado hajaolewa, tunangojea wajukuu. Watamjua babu yao vipi? Nikawa namfuata na simu nyumba nzima. "Mwalimu, sema neno tu, nakurekodi." Akiona simu, anafunga mdomo. "Mnanizika nikiwa hai," anasema. "Mimi simuagi mtu." Alichokubali ni kurekodi masomo ya hesabu kwa kompyuta, ili wanafunzi wake wasikwame. Kuna programu inayorekodi kila unachofanya kwenye skrini huku ukieleza kwa mdomo. Nikasema sawa, hata kama ni hesabu, ni sauti yake. Wajukuu watajua hesabu, kwani kuna ubaya?

Basi kila siku baada ya chai ya saa kumi akawa anajifungia chumbani. Mimi nafukuza kuku, nabembeleza jirani apunguze redio. Sauti yenyewe ilikuwa inakwaruza, na kila siku inashuka kidogo. Nilikuwa nasimama nje ya mlango nikisikiliza, na kila neno nikijiambia, hilo nalo limeingia, hilo halipotei.

Jumapili kabla ya upasuaji, ambao ulikuwa ufanywe Alhamisi, binti yetu alikuja kutoka Syokimau. Tulipotoka kanisani tukafungua somo la kwanza tumsikilize. Picha safi. Grafu inajichora, mshale unatembea. Lakini kimya. Binti akapandisha sauti ya kompyuta mpaka mwisho. Kimya. Tukafungua la pili, la tatu, yote. Kimya kabisa.

Ndugu zangu, sikieni. Huyu mtu, ambaye maisha yake yote anawaambia watoto wapitie kazi yao kabla ya kuikabidhi, hakuwa amesikiliza hata somo moja! Kisa na maana? Eti hapendi kusikia sauti yake mwenyewe. Nilimkaripia mbele ya mtoto wake, nikasema mpaka nikakosa pumzi. Halafu nikaona machozi yanamtoka, nikanyamaza.

Binti alimpigia mwalimu mwenzake na baba yake, anayefundisha kompyuta, mama mmoja wa upande wa Mitaboni. Sitamtaja jina, ila sisi tunamwita Madam. Alifika viatu vimejaa vumbi, hata chai hakungojea. Akaangalia, akasema, "Mwalimu, hii programu ilikuwa inasikiliza kompyuta. Haikuwa inakusikiliza wewe." Kumbe kuna sauti mbili! Kuna ile inayotoka ndani ya kompyuta, na kuna ile inayoingia kwa maikrofoni. Mwalimu aliwasha ya kwanza, ya pili akaiacha imezimwa.

"Na haya aliyorekodi?" nikauliza.

"Sauti haikuingia kabisa, Mama. Hakuna cha kurudisha. Turekodi upya."

Akatuonyesha mstari mdogo wa kijani. Ukiongea lazima uruke. Usiporuka, usianze. Sema kidogo, simamisha, sikiliza, ndipo ufundishe. Mwalimu akasogea, akasema, "Kidato cha Nne, mnanisikia?" Madam akasimamisha, akaicheza ile rekodi. Sauti ikatoka kwenye kompyuta, inakwaruza lakini ni yeye mwenyewe. Nikajibu kwa nguvu kama mwanafunzi, "Tunakusikia!" Kisha nikakimbilia jikoni nikalilie huko.

Lakini sasa sauti yenyewe ilikuwa imebaki ya somo moja kwa siku. Zaidi ya hapo unasikia upepo tu. Jumatatu akafundisha vizuri sana, na alipokaribia kumaliza, stima ikapotea. Betri ya ile kompyuta yetu ilikufa kitambo, kwa hivyo stima ikienda, nayo inaenda. Iliporudi tukaona faili iko pale, lakini ukiibonyeza inakataa. Eti imeharibika.

Nilimpigia Madam nikipiga kelele, na hakukasirika. Akaeleza kwamba programu ilikuwa inahifadhi video kwa aina ya faili inayoitwa MP4, na MP4 huandika mwishoni kabisa ile sehemu inayoielekeza kompyuta namna ya kuisoma. Stima ikikatika kabla hujabonyeza kusimamisha, una gunia limejaa mahindi lakini halijafungwa mdomo. Ukiliinua, yote yanamwagika. "Ingia kwenye mipangilio, uchague aina nyingine, MKV," akasema. "Hiyo inajiandika ikienda. Stima ikipotea, unapoteza kipande kidogo cha mwisho tu."

"Na mbona hukutuambia jana?"

"Mama, nilisahau stima yenu."

Jumanne Mwalimu aliamka hana kitu. Alifungua mdomo, sauti ikakataa. Alishinda akinywa maji ya uvuguvugu bila kusema neno, nami nilikaa naye hivyo hivyo, nikiogopa hata kumuuliza swali asije akajibu. Niliogopa, wapendwa. Sijawahi kuogopa hivyo.

Jumatano ikarudi kidogo. Akachagua MKV kama tulivyoambiwa, akawasha, mstari wa kijani ukaruka, nikafunga mlango nikasimama nje kama askari. Mara mawingu yakakusanyika, upepo ukaja, na nguo zote ziko kwenye kamba. Nikajisahau. Mnanijua mimi. Nilipiga kelele hadi majirani wakatoka. Na kabla hata sijafika kwenye kamba, redio ya jirani ikanyamaza. Stima imeenda.

Niliacha nguo, nikaingia ndani mbio. Mwalimu ameketi mbele ya skrini nyeusi, mikono kwenye mapaja. "Basi," akasema. Hilo ndilo neno la mwisho nililosikia likitoka kinywani mwake likiwa na sauti.

Stima haikurudi. Asubuhi tukaondoka kwenda hospitali, kompyuta nikaifunga pamoja na nguo zake za kulalia. Wakamchukua, mlango ukafungwa. Muuguzi mmoja akaniruhusu nichomeke chaja pale koridoni. Kompyuta ikawaka, faili nikaiona, lakini kidole kikakataa kubonyeza. Isipofunguka, nitajua imekwisha. Nikaomba, nikabonyeza.

Ikafunguka.

Alikuwa anafundisha pembetatu, polepole, sauti inakwaruza lakini kila neno linasikika. Halafu nikajisikia mimi. "Nguo! Nani atatoa nguo? Mvua hiyo!" Nikaona aibu, nikasema nimemharibia hata hili. Mwalimu akausimamisha mshale kwenye skrini. Akacheka. Akawaambia wanafunzi wake hivi:

"Mnamsikia huyo? Huyo ni mke wangu. Nimeishi na hiyo sauti tangu nikiwa kijana. Kesho wanachukua yangu. Lakini ningeulizwa ni ipi ibaki katika nyumba hii, ningesema waiache hiyo. Haya, turudi kwa pembetatu..."

Hapo ikakatika.

Nililia mpaka muuguzi akaja mbio akidhani nimeletewa habari mbaya. Mtu aliyekataa kuniambia neno nimrekodi kwa simu, kumbe amewaambia Kidato cha Nne!

Alitoka mzima, na mnamwona. Lile somo nilikimbilia kulituma kwa wanafunzi. Nikafuta MKV kwenye jina la faili nikaandika MP4, nikijiona mjanja, na simu za watu wengine zikalikataa. Madam alicheka kweli kweli. Akasema kubadilisha jina si kubadilisha faili, programu yenyewe ina mahali pa kuigeuza, na akanigeuzia. Sasa liko kwa simu ya binti yangu, na kwa yangu.

Nawashukuru Madam, yule muuguzi wa koridoni, na nyinyi mliopasuliwa kabla yake, mkaja kutuonyesha shingo zenu tukaacha kuogopa. Namshukuru Mungu. Na wewe ambaye mgonjwa wako bado hajaingia kwa upasuaji, usimbembeleze hotuba. Mrekodi akifanya kazi yake ya kila siku. Ila jaribu kwanza, usikilize, na ukumbuke stima ya kwenu ikoje.

Sasa amegonga tena, mmesikia. Siku za kwanza nyumbani nilidhani anataka chai, nikawa namletea chai mpaka akachoka. Siku moja nilikuwa nasimulia mambo ya soko, nikachoka, nikanyamaza. Akagonga meza. Nikaanza tena, akatulia. Nikanyamaza, akagonga.

Anataka niendelee.