Mlinzi wa Daraja Aliyemuua Ljubiša Mara Mia na Arobaini na Tatu

Benchi letu liko mbele ya mlango wa pili wa jengo, kati ya mapipa ya taka na jiko la kuni ambalo kila Septemba tunalitoa stoo kuchomea pilipili hoho za kuhifadhi kwa majira ya baridi. Jumamosi hiyo nilikuwa na kilo arobaini za hoho zilizochomwa za kumenya, kwa hiyo niliyasikia mazungumzo yote nitake nisitake. Mzee Vidosav, tunayemwita Refa kwa sababu alichezesha mpira wa mikono katika mji wetu mzima wa Leskovac kwa miaka ishirini na sita, alishajikalia na kikombe chake. Kando yake alikuwepo mama Desanka, mwenye birika na mwenye kahawa. Ndipo akashuka Ljubiša, mwana wa Desanka, fundi wa lifti, mtu wa miaka thelathini na minane, macho mekundu kama aliyeshinda akikata vitunguu.

— Vipi? akauliza Refa.

— Kaniua tena.

— Mara ya ngapi?

— Mia na arobaini na tatu. Gemu linahesabu lenyewe.

Muuaji ni jitu lenye nyundo mbili linalolinda daraja ndani ya gemu. Kwa kawaida sina habari na kinachomuua mtu mzima kwenye kochi lake. Lakini binti wa Ljubiša, Nevena, wa miaka kumi, anaishi nje ya nchi, Ljubljana, na mama yake, huja mara mbili kwa mwaka, na siku hiyo alikuwa afike saa nane. Gemu lenyewe haliruhusu mchezaji wa pili kuingia mpaka mlinzi aanguke. Ljubiša alimwahidi kwa simu kwamba akifika atakuta daraja liko wazi, wacheze pamoja. Saa sita ilikuwa imeshapita.

Nikamwambia apunguze ugumu wa gemu, yaishe. Mimi nina kazi, na suluhisho lipo.

— Hapo ndipo linaponiudhi, jirani. Kila nikifa linaniuliza kwa upole kama ningependa kupunguziwa. Kama nesi na mgonjwa wa kisukari.

Akaanza kueleza, na akianza hamalizi. Alisema magemu ya siku hizi hayajui yanamtaka mchezaji awe nani. Nusu yake yanakuona mtoto mchanga: ngazi imepakwa rangi ya njano ujue ni ya kupanda, mshale unakuonyesha mlango, na ukisimama kidogo kutazama mandhari, sauti inakukumbusha uendelee. Nusu nyingine yanakupiga mpaka ujione hufai, halafu watu wanayasifu kwa ukali wao. Ya zamani yalikuwa magumu, alikiri, lakini ni kwa sababu yalikuwa mafupi. Bila kukuua yangeisha kabla ya chakula cha mchana. Hili jitu linaua kwa sababu gani? Hakujua. Hilo ndilo lililomnyima usingizi.

Refa alisema kupunguza ugumu ni sawa na kupanua goli katikati ya mechi. Mtoto akikuta baba yake kapanua goli, atajifunza nini? Kisha, baada ya kikombe cha pili, akatoa siri yake: amechungulia lile jitu mara mbili na analifahamu. Namna linavyoegemea mguu wa kushoto kabla ya kupiga ni ya kipa mmoja wa timu ya Skopje ambaye yeye mwenyewe alimtoa kwa kadi nyekundu. Watengeneza gemu wamemchukua yule, wamempiga picha, wamempa nyundo.

— Kwa hiyo ananipiga mimi kwa kosa lako, Refa?

— Sisemi hivyo. Nasema napajua anapotokea.

Mama Desanka alikuwa na lake. Kwa maoni yake, umeme wa mchana ni hafifu, na jitu linaufaidi wakati Ljubiša unampungukia. Refa akamuuliza umeme unajuaje nani ni nani. Akajibu kwamba gemu linasikiliza kupitia televisheni. Linajua mwanawe ameachwa na mkewe na linamwonea kwa kuwa hana wa kumtetea. Nilimenya hoho tatu nikijaribu kuelewa. Sikuelewa.

Ljubiša akapanda juu, akarudi na rimoti ya gemu atuonyeshe. Nyundo ikianza kushuka, sharti ubonyeze kitufe hiki, saa ileile, ubiringike. Ukichelewa kidogo tu umekwisha. Alibonyeza, akabonyeza, kidole gumba kikiteleza. Refa akahesabu kama anayepima muda wa mapumziko. Sote tulikubaliana kwamba haiwezekani.

Gari likaingia kabla hatujaamua lolote. Nevena akaruka, akamkumbatia baba yake kiunoni, swali lake la kwanza likawa kama daraja liko wazi.

— Karibu, alisema Ljubiša. Alisema hivyo tu, akaangalia viatu vyake.

Aliyemleta ni Gorazd, mume mpya wa mama yake, Mslovenia mrefu mwenye adabu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kwetu. Akapewa kahawa, akapewa nafasi benchini, na akaokota rimoti asiikalie. Akaigeuza mkononi. Ilivikwa nailoni tokea siku iliponunuliwa, imekazwa kwa utepe wa gundi nyuma, kama rimoti zote za jengo letu.

— Samahani, akasema polepole. Hii nailoni ni ya nini?

Ljubiša alimtazama mama yake. Mama Desanka alitazama birika.

— Isichakae, alisema mwishowe.

— Isichakae lini?

Mimi nina rimoti ya televisheni iliyokaa ndani ya nailoni miaka tisa, na herufi zake ni mpya kabisa. Sijui namtunzia nani. Nikafuta kisu changu cha hoho nikampa Ljubiša. Alipoanza kuipasua nailoni, mama yake aligeukia upande wa barabara mpaka alipomaliza.

Baba na binti wakapanda. Gorazd alinyweshwa kahawa ya pili huku Refa akimweleza kipa wa Skopje, na Desanka akimweleza umeme. Maskini aliitikia kila kitu.

Haikupita nusu saa, dirisha la ghorofa ya nne likafunguka.

— Bibi! Tumepita!

Desanka akashika kifua. Refa akasimama, mkono kwenye paji la uso kukinga jua.

— Kwa ugumu upi?

Nevena aligeuka kumtazama baba yake ndani. Kisha akatugeukia, uso mkavu kama wakili.

— Tumepita, alirudia, akafunga dirisha.

Refa akaniuliza hiyo maana yake nini. Nikamwambia anisogezee beseni la hoho.