Kaka Yangu Hana Mshipa

Benchi la kijiwe cha kahawa linatazamana na geti la hospitali, na mguu wake mmoja umewekewa tofali. Wenye benchi hawaugui wala hawauguzi. Wanakunywa kahawa na kutoa maoni. Asubuhi hiyo Mkasi, fundi cherehani, alitoka getini mbio, futi yake ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Kaka yake mkubwa alikuwa ameanguka akinyoa ndevu, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia hauinuki. Daktari alitaka neno la ndugu, tena upesi: ndiyo au hapana. Mkasi akasema ngoja kwanza nikashauriane na wenzangu. Wenzake wenyewe ndio hao.

— Wanataka kumpasua nini? aliuliza Profesa, mwalimu mstaafu wa jiografia.

— Hawampasui. Wanasema ana mshipa.

— Mshipa! Betri, fundi simu, nusura amwage kahawa. — Kaka yako ana mshipa, na zile suruali za kubana?

— Ndicho kinachonichanganya! Suruali zake nashona mimi. Angekuwa na mshipa ningeuona kwenye vipimo!

— Wanapitia wapi? aliuliza Profesa.

— Kinenani.

— Basi ni mshipa, ngiri hiyo, Profesa akamaliza kesi. — Makao yake ni huko huko.

— Lakini kilichopinda ni mdomo, Profesa! Mdomo!

— Mshipa ukikomaa unavuta. Mwili ni kamba moja, bwana. Ukivutwa chini, juu kunapinda.

Mkasi alitaka kumrushia kikombe. Alijua fika kwamba hawa watu hawajui kitu. Aliendelea kukaa kwa sababu pale benchini hakuna aliyekuwa anamdai jibu.

— Halafu eti watampulizia puto humo ndani, alisema. — Wakishamaliza wamwachie kijiwavu cha waya. Moja kwa moja!

— Waya? Betri akatikisa kichwa. — Usikubali. Atakuwa antena huyo. Akipita karibu na mnara, simu zenu zote anapokea yeye.

— Mimi waya hauniogopeshi, alisema Profesa. — Puto! Puto ni hewa, na hewa hupanda. Siku za joto mtamfunga na kitanda.

— Jamani! Kaka yangu amelala pale, nyie mnanitania?

— Nani anatania? Tunakusaidia kufikiri.

— Mwambie daktari ampe dawa ya kuchua, Betri akaongeza. — Achuliwe wiki mbili, mdomo utarudi wenyewe.

— Wiki mbili! Daktari hata kukaa hakunipa nafasi!

— Ndiyo maana mimi siwaamini. Mtu mkweli hana haraka.

Kulikuwa na mwanamke pembeni, mgeni pale, anajaziwa chupa yake ya kahawa. Alikuwa amesikiliza yote hayo mpaka uso umemkunjamana.

— Samahani, kaka yangu. Daktari alisema mshipa, au mshipa wa damu?

Mkasi akafumba macho. Sasa alimsikia daktari vizuri, maneno yote, kama anaambiwa upya.

— Wa damu, alisema taratibu. — Mshipa wa damu, wa shingoni, ule unaokwenda kwenye ubongo. Umeziba. Kinenani wanaingilia tu, wapandishe mrija mpaka juu. Puto la kuutanua. Wavu wa kuushikilia usizibe tena.

— Si ndivyo nilivyosema? Profesa akadakia. — Mwili ni kamba mo...

— Profesa, nyamaza! Nakuomba unyamaze!

Mwanamke hakumtazama Profesa hata kidogo.

— Ulipomwacha, alikuwa anaongea?

— Kwa taabu. Ulimi mzito. Lakini aliniita, "mdogo wangu". Nilimsikia kabisa, aliniita.

— Na sasa hivi?

Mkasi alikuwa ameshavuka barabara, kandambili moja imebaki katikati ya lami, anapiga kelele kabla hata hajafika getini:

— Ndiyo! Waambieni nimesema ndiyo!

Mlinzi akamwekea mkono kifuani.

— Taratibu, mzee. Muda wa kuona wagonjwa bado.