Chuma cha Ng'ombe na Muhuri wa Mungu

Bwana asifiwe, ndugu zangu, na asifiwe tena kwa sauti kidogo ili nipate nguvu ya kuanza! Mimi ni Rebeka, mke wa Joeli mchunga ng'ombe, mama ya Marita. Mimi si msemaji. Nikilia mnivumilie, na nikirefusha maneno mchungaji anivute leso.

Tulikaa katika shamba la mzungu mmoja upande wa juu wa Menengai, kule ambako asubuhi ya baridi unaona moshi ukitoka ndani ya shimo la mlima. Siku hizi najua ni mvuke tu wa maji ya moto yaliyo chini. Lakini tangu zamani watu waliliogopa shimo lile wakasema lina wenyewe. Sisi tuliookoka tuliwacheka, mpaka alipokuja Mwalimu Zakayo.

Ndugu zangu, naomba msimchukie Mwalimu Zakayo. Alitembea kwa miguu kutoka shamba hadi shamba akitufundisha kusali, na aliwaosha wagonjwa ambao hata jamaa zao waliwakimbia. Alipokuwa mtoto nzige walimaliza shamba la baba yake, na njaa iliyofuata ikawamaliza ndugu zake. Sasa mtu wa namna hiyo afungue Ufunuo mlango wa tisa, asome habari za shimo la kuzimu na moshi wake, na nzige wakitoka katika moshi ule. Jamani, angefikiria nini? Alinyoosha kidole akatuonyesha Menengai.

Alituambia nzige wa baba yake walikuwa wadudu tu, lakini hawa watakaotoka shimoni ni wengine. Alitusomea mlango ule kila Jumapili hata watoto wakaushika kwa kichwa. Nzige wale wana mikia kama ya nge. Wamekatazwa kugusa majani, wala mti, wala kitu chochote kibichi. Wao ni wa kuumiza watu, wale wasio na muhuri wa Mungu katika kipaji cha uso.

Ng'ombe wote wa shamba lile walitiwa alama kwa chuma cha moto, na aliyeshika chuma alikuwa mume wangu. Kwetu sisi, mnyama mwenye alama ana mwenyewe, na asiye na alama ni wa kupotea. Kwa hiyo Mwalimu aliposema tutiwe alama ya Bwana wetu, hakuna aliyeshangaa. Watu wa mjini labda wangecheka. Sisi wa zizini tuliona ni jambo la akili kabisa! Joeli akakunja kipande cha waya wa ua kikawa msalaba mdogo, akakitia motoni. Mwalimu alipiga magoti wa kwanza. Akafuata Joeli mwenyewe, halafu wanaume wengine. Nilimpaka mume wangu samli kwenye kidonda, naye hakulalamika hata kidogo.

Kisha habari zikaja kwamba nzige wameonekana Baringo na wanashuka. Mzungu akatugawia madebe ya kupiga ili kuwafukuza. Mwalimu naye akasema wanawake na watoto watatiwa muhuri Jumapili baada ya maombi. Marita wangu wakati huo alikuwa bado wa kubebwa mgongoni akichoka.

Ndugu zangu, sikieni shida yangu ilikuwa wapi. Kwa ajili yangu mwenyewe sikuogopa chuma. Lakini nikikataa, na Mwalimu awe amesema kweli, basi ni mimi niliyemtoa mtoto kwa mikia ya nge. Nikikubali, waya wa moto unamgusa usoni, na baba yake ndiye anayeushika. Nilimwomba Mungu anionyeshe njia. Chakula kilinishinda. Kila asubuhi kabla ya kuwasha moto nilitoka kutazama kama moshi wa Menengai umezidi. Joeli naye nilimwona akimtazama mtoto akinywa uji, halafu anageuza uso. Alimpenda sana, na ndiyo sababu alitaka kumtia alama.

Jumapili ile moto uliwashwa kando ya zizi. Hatujamaliza kuomba, jua likafifia. Tukaona wingu la rangi ya kutu likija kutoka upande wa Solai, na nzige wa kwanza wakaanza kutuangukia. Joeli alimkamata Marita akambana katikati ya magoti, vile anavyobana ndama. Akaniambia nishike kichwa. Nikakishika kwa mikono miwili, mtoto akilia na kuniita, na nzige wakitambaa kwenye nywele zangu.

Hapo nikasikia sauti kama mvua ndogo. Nikainua macho. Shamba letu la mahindi nyuma ya zizi lilikuwa linaisha nikiona.

Nikasema, "Joeli, wanakula mahindi."

"Shika kichwa, Mama Marita."

"Wanakula mahindi, Joeli. Wale wa Mwalimu wamekatazwa kula kibichi."

Joto la waya nilikuwa nalisikia kwenye vidole vyangu. Joeli akatazama mahindi. Akatazama nzige waliojaa mikononi mwake, wala hakuna hata mmoja aliyemuuma. Akamgeukia Mwalimu. Yule mzee akasema polepole, "Ni wale wale wa baba." Kisha akaketi chini akalia. Joeli akatupa waya ndani ya birika la kunyweshea ng'ombe, na mtoto akanirukia shingoni. Haleluya!

Njaa ilikuja, siwadanganyi, tukala posho ya kuhesabiwa. Lakini hofu ilitoka kwangu siku ile, wala haijarudi. Baadaye mchungaji alitukalisha, tukasoma kitabu kile pamoja naye mpaka mwisho. Alituuliza mbona Mwanakondoo mwenye pembe saba hatujawahi kumtafuta zizini, lakini muhuri tumeutafuta motoni. Alitufundisha kwamba muhuri ni Roho Mtakatifu, na Mungu anawajua walio wake bila waya. Mwalimu Zakayo alikuwa hapo, naye alikuwa wa kwanza kusema amina.

Namshukuru Mungu kwa uso wa mtoto wangu. Lakini wako wenzetu wenye alama ambao hawajaingia kanisani tangu siku ile, kwa sababu humu wanaume huvua kofia, na watu huwaita ng'ombe wa Zakayo. Ndugu zangu, msiwaite hivyo. Walimtii Mungu kwa kadiri walivyomwelewa, na ngozi zao zikalipa. Nanyi mnaoogopa neno fulani la Biblia, msibaki nalo peke yenu. Lileteni tulisome pamoja, Bwana hatatuacha.

Joeli, nakuona hapo dirishani. Vua kofia, Baba Marita, uingie. Nafasi yako iko hapa kando yangu.