Pamba ya Mama Ngalula

Kila mara taxi yetu ya kutoka Fungurume ilipoingia kwenye shimo, mkoba wa bwana mmoja aliyevaa kofia ya mgodi ulilia chwa-chwa-chwa. Mama Ngalula, muuza samaki wa soko letu, akamwinamia. "Tata, chupa ya ile dawa banatiaka pamba ndani. Chupa ya mi haitoe hata sauti."

Bwana akakauka. "Dawa gani? Ni vitamini."

"Ndiyo ile ile vitamini mi nakunywaka kila siku. Uniangalie, niko na nguvu."

Mimi niligeukia dirisha, nikatazama malori ya shaba kama mtu asiye na masikio.

"Basi unipe pamba kidogo, mama."

"Bibi yako anajua?"

"Hapana. Atanikimbia."

"Balimupima damu?"

"Nitamuambia namna gani aende kupimwa?"

Mama alichomoa kibonge cha pamba kwenye chupa yake, halafu akakifumba kiganjani. "Hii ni ya kujificha bale munalala nabo ku camp ya mugodi. Haiko ya kujificha muke."

"Mama, tafadhali! Ananipokeaka mukoba, anafula manguo. Angalia, ananingojea pale!"

Dereva alikuwa ameshakanyaga breki. Kando ya barabara, pale Mutoshi, mwanamke mwenye mimba kubwa alitupungia mkono, akitabasamu.

"Mama, pamba!"

Mama Ngalula alimtazama yule mwanamke. Ngumi haikufunguka. Taxi ikasimama, mwanamke akafungua mlango mwenyewe, akanyoosha mikono yote miwili apokee mkoba.