Mama Ros, Aliyetuandikia Mtu wa Mlangoni

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi. Rosalind Thwaite, ambaye ni benki tu inayomwita hivyo, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuandika na kuongoza tamthilia katika ukumbi wetu mdogo wa Bertrams, Johannesburg. Kwetu sisi ni Mama Ros.

Alizaliwa Hull, Uingereza, binti wa muuza nyama. Alianza kwa kuandika michezo mifupi ya redio, kisha akaja Johannesburg na kikundi cha maigizo kwa msimu mmoja tu. Kikundi kikarudi kwao. Yeye akapanga chumba mtaa wa Troyeville. Kwa nini alibaki? Kila mwaka hutupa sababu mpya, na zote tumeziamini.

Mwanzoni aliandika kwa Kiingereza. Lakini mtaa ulibadilika, wakaja Wakongo, Watanzania na Warundi, na siku moja aligundua kwamba nusu ya watazamaji wanachelewa kucheka, baada ya jirani kuwanong'oneza tafsiri. Akaenda kujifunza Kiswahili kwa Bi. Fauzia wa Tanga, aliyekuwa akikaanga sambusa karibu na uwanja wa Ellis Park. Siku ya kwanza alitaka kusema amefika. Akasema, "Hodi! Nimekufa!"

Fauzia, bila kuinua macho kutoka kwenye karai, akamjibu, "Pita, mwanangu. Wenzako wamo ndani."

Tamthilia zake za Kiswahili zimefika Midrand, Durban na kumbi nyingi za makanisa. Lakini inayokumbukwa kuliko zote ni *Zamu ya Mchana*, ya mwaka 2015, kuhusu familia ya mlinzi aliyeaga kwenda kazini asirudi. Katika onyesho la pili mlinzi huyo husimama mlangoni amevaa koti, hasemi neno, huku watu wake wakila na kugombana. Nafasi hiyo alipewa Marcellin, ambaye mwenyewe ni mlinzi huko Midrand.

Alasiri moja tulikuwa kwenye mazoezi. Mvua ilikuwa inanyesha na umeme umekatika, mwanga wetu ni wa madirisha ya juu tu. Onyesho lile lilikwenda kama halijawahi kwenda. Thérèse, fundi cherehani wa Uvira aliyecheza kama mke, alipopita mlangoni kuchukua sufuria alipinda bega ili asimguse yule mtu. Mimi nilikuwa pembeni na mavazi ya waigizaji, na nilikasirika kimoyomoyo: Marcellin kavaa koti la kahawia, si lile nililomwandalia.

Onyesho likaisha. Ndipo mlango wa barabarani ukafunguliwa, akaingia Marcellin, ameloa chapachapa.

"Eish, samahani jamani. Robot zote za njia panda zimezima tangu Midrand, magari hayaendi. Mmeshaanza?"

Tuligeuka kutazama mahali pake jukwaani. Hapakuwa na mtu.

Thérèse akaketi sakafuni. "Ule alikuwa kaka yangu Placide," alisema. "Ile koti, mimi njo nilimushonea."

Placide alipotea njiani kati ya Uvira na Bukavu. Kwa miaka yote Thérèse alikataa matanga yasikaliwe, kwa kuwa kumlilia mtu bila kuuona mwili wake, alisema, ni kumuua kwa mdomo wako. Bakiri, aliyecheza kama baba mkwe, aliapa kwamba yeye alimwona mzee mwenye mvi. Mimi niliona koti tu, na nashukuru.

Waigizaji wawili waliondoka siku ile, hawakurudi. Kamati ikataka mchezo ufutwe. Mama Ros akakataa, ila aliubadilisha. "Marcellin, wewe nitakupa maneno ya kusema," alisema. "Pale mlangoni asisimame mtu. Tupaache, pana mwenyewe."

Jumapili ya uzinduzi, mchana kweupe, ukumbi ulijaa. Hatukuwaeleza watazamaji lolote. Hata hivyo, mzee mmoja wa Kirundi wa safu ya mbele aliutazama ule mlango mtupu, akavua kofia. Nyuma yake wakaanza kuvua na wengine.

Wiki iliyofuata Thérèse alimkalia Placide matanga. Tulijaa nyumbani kwake, na Mama Ros ndiye aliyeosha masufuria.

Tumemuuliza mara nyingi yeye aliona nini alasiri ile. Siku zote alijibu kwamba alikuwa anasoma mswada. Mwezi uliopita, tukinywa chai, Thérèse akamuuliza tena.

"Sikuona mtu," alisema safari hii. "Mlango ulikuwa mtupu tangu mwanzo. Niliwaona ninyi tu, mkimpisha."

"Na haukutusimamisha?" aliuliza Thérèse.

"Mlikuwa mnamtazama kwa upendo ambao mimi sikuuandika. Ningewasimamishaje?"

Kisha Thérèse akamjazia kikombe, akasogeza kiti chake karibu na cha Mama Ros.

Mama Ros haendi mbali. Amepata nyumba yenye bustani Bezuidenhout Valley. Asante, mama yetu, kwa michezo yote, na kwa kutuacha tuwaone wetu. Mungu akujalie afya, waridi zisizoliwa na wadudu, na usingizi wa mchana ambao hakuna mwigizaji wa kuukatiza.

Nasra Pandu
Idara ya Mavazi